Kibao cha Mninga kwa Bibi Harusi wa Ruangwa

Korosho zikishauzwa, huku kwetu Nachingwea kadi za harusi huanza kupishana. Nasi akina mama hukaa vikao vya kumwandalia binti vyombo: sufuria, chupa ya chai, bilauri, khanga. Mwaka jana tulikuwa tunamwandalia binti mmoja wa kwaya aliyekuwa anaolewa Ruangwa. Orodha ilikwenda vizuri mpaka mama mmoja alipouliza kwa sauti ya chini, "Lakini huyu mtoto atakata vitunguu kwa mkono gani?"

Swali hilo lilikuwa limekwisha kuulizwa na upande wa mume, tena si kwa sauti ya chini.

Binti huyu aliumia akiwa darasa la saba. Alishika kitunguu katika kiganja cha kushoto, akakikata kwa kisu kilichoelekea kiganjani, kama tufanyavyo karibu sisi sote. Kisu kikateleza. Nyumbani wakaweka majivu, wakafunga kitambaa, na alipoletwa kwetu zahanati ilikuwa siku ya nne na mkono umevimba usaha. Kidonda kilipona, lakini vidole viwili havikunjiki hadi leo, maana kano zake zilikatika.

Akina mama, hapa hatuna budi kusema kama wauguzi. Mtu akijikata kiganjani, bana kidonda kwa kitambaa safi, inua mkono juu, kisha umpeleke kutibiwa siku hiyo hiyo. Mwambie akunje kidole kimoja kimoja. Kisichokunjika, au kilichokufa ganzi, kinahitaji daktari wa upasuaji mapema. Majivu hayaungi kano. Aulizwe pia kuhusu sindano ya pepopunda.

Basi tulikumbuka jambo tulilojifunza zamani. Wagonjwa wa kiharusi na waliopoteza mkono hutengenezewa kibao chenye ncha mbili za misumari zilizochomoza juu. Kitunguu huchomekwa kwenye ncha hizo, na mkono mzima hubaki na kisu tu. Hakuna haja ya kushika. Tukaamua zawadi yetu iwe hiyo, na tuitengeneze wenyewe tukisaidiwa na fundi.

Fundi wetu alicheka. "Mama, mnahangaika bure. Vya plastiki vimejaa sokoni." Ni kweli, na kikiwa kipya plastiki husafishika vizuri. Lakini kikishachanjwachanjwa na kisu, uchafu hujificha kwenye mifereji ile. Mwaka 1994 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba vijidudu vilivyowekwa juu ya mbao vilipungua haraka, na kwenye plastiki iliyochakaa vilidumu hata baada ya kuoshwa kwa mkono. Hiyo haina maana kwamba mbao haioshwi! Tena plastiki nyepesi hutembea mezani, na kwa mtu wa mkono mmoja hilo ni hatari.

Alitupatia kwanza kipande cha mpingo. Mti huu ni fahari ya kusini, Wazungu hutengenezea zumari zao, nasi tulitamani. Tukaukataa. Ni mzito mno kwa mkono mmoja, ni mgumu kupigwa randa, na vumbi lake huwasha ngozi na macho ya watu wengine. Tukachukua mninga, ambao ukishakauka haupindi ovyo. Kilikuwa kipande kilichobaki kwenye kazi ya milango, cha mbao iliyokatwa kwa kibali. Tunalitaja hili kwa sababu Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haijali kama unakata mti kwa ajili ya zawadi.

Kipande chetu kilikuwa na urefu wa sentimita 35, upana 22 na unene 3. Sehemu nyeupe ya pembeni tuliikata, maana wadudu huipenda. Tulitumia ubao mmoja bila kuunga gundi. Fundi akapiga randa, nasi tukapokezana msasa, wa kukwaruza kwanza halafu laini, vitambaa vikiwa puani kwa sababu vumbi la mninga nalo si zuri kifuani. Kisha tukaulowesha kidogo, vinyweleo vikasimama, ukakauka, tukapiga msasa tena. Hatua hii wengi huiruka, halafu hushangaa kibao kikiwa na miba baada ya kuoshwa mara moja.

Ncha zilitupa shida. Misumari ya kawaida hushika kutu. Tulipata skrubu mbili za chuma kisichoshika kutu, fundi akatoboa kwanza kwa keekee ili ubao usipasuke, akazipitisha kutoka chini mpaka zikachomoza sentimita tatu. Chini, kwenye ukingo wa mbele, akapiga papi inayong'ang'ania meza. Kwa kuwa nyumba ina watoto, tulikata vipande viwili vya gunzi la muhindi vivae kwenye ncha kibao kikiwa kimepumzika.

Mafuta nayo yana maneno. Kibao chetu cha majaribio tulikipaka mafuta ya kupikia, na baada ya majuma machache kilinuka. Safari hii tulinunua duka la dawa ile parafini ya maji wanayopewa watu wenye choo kigumu. Si mafuta ya taa, tafadhali, hata kama majina yanafanana! Tuliipaka kila siku kwa juma zima, na baadaye mara moja kwa mwezi inatosha. Yako pia mafuta ya maganda ya korosho, ambayo watu hupaka nguzo kuzuia mchwa. Hayo yasikaribie chombo cha chakula. Tumeyaona malengelenge yake mikononi.

Nyama na kuku wabichi tuliwakatia kibao cha pili kidogo, kisicho na ncha, kwa sababu mizizi ya skrubu ni vigumu kuisugua. Vyote huoshwa kwa maji ya moto na sabuni pande zote mbili, na kusimamishwa vikauke. Havilowekwi.

Tulipanda basi hadi Ruangwa na zawadi yetu ikiwa imefungwa khanga. Jikoni binti akachomeka kitunguu, akakikata, akafuatia nyanya na bamia. Mama mkwe alisimama mlangoni muda wote, kimya.

Mwezi uliofuata tulipata ujumbe kutoka kwake. Anaomba na yeye atengenezewe kibao, ila bila misumari.