Kulewa Bahari Katika Mkondo wa Pemba

Abiria wa kwanza kulewa huwa ni yule mwenye simu mkononi. Tukiingia mkondo wa Pemba wakati kusi linavuma, mawimbi hayana mchezo. Macho yake yamekazia kioo kilichotulia, lakini sikio la ndani, lenye majimaji ya kupima mizani ya mwili, linasema tunayumba. Ubongo unapata habari mbili zinazopingana, na tumbo ndilo linaloumia.

Mimi humhamisha mapema, akianza tu kupiga miayo na kutokwa jasho la baridi. Omoni simwachi, maana huko chombo hupanda na kushuka zaidi. Namketisha katikati, karibu na mlingoti, atazame upeo wa macho. Akiweza kushika usukani, bora zaidi: anayeongoza hulitarajia wimbi kabla halijamfikia. Chini ngamani haendi mtu; joto na harufu ya dizeli vitammaliza.

Vidonge kama sinarizini humezwa saa moja au mbili kabla ya kung'oa nanga. Wengi huvikumbuka wameshaanza kutapika, wakati havikai tena tumboni. Tena huleta usingizi, kwa hiyo baharia wa zamu amwulize mfamasia kwanza. Tangawizi nakunywa, ingawa sifa zake zimeuzidi ushahidi. Usipande na njaa: kula muhogo wa kuchemsha, mchuzi wa nazi usubiri Wete.

Na usione haya. Admirali Nelson wa Uingereza alilewa bahari hadi utu uzima. Ila ukitapika, tapikia upande wa demani, tafadhali, upepo usiturudishie.