Fukusi si Dumuzi

Katika kufasiri maelezo ya kuhifadhi chakula, yawe ni ya kusomwa Msuka, Pemba, au Tabora, tumezoea kumwita kila mdudu wa ghalani fukusi. Mazoea haya yana hasara. Fukusi, yule wa kwenye mchele, ana mdomo mrefu mfano wa mkonga, na hutaga yai ndani ya punje. Dumuzi hana mkonga. Kichwa chake kimeinamia chini ya kifua, naye hubungua mahindi na makopa ya muhogo hata yakabaki unga.

Dumuzi ni mgeni kutoka Amerika ya Kati, aliyetambuliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakulima walimwita Scania. Jina lenye ladha, ila sisi twaona dumuzi lafaa zaidi. Dawa ya pirimifosi-methili iliyomweza fukusi haikumweza yeye, ikabidi ichanganywe na pemetrini. Basi mfasiri aandikapo fukusi mahali pa dumuzi, mwenye makopa hununua dawa isiyomfaa. Asiyejua ni mdudu yupi na aandike "wadudu wa ghalani", kisha amwulize bwana shamba.