Kipupwe Ndio Msimu wa Mboga za Uani

Apitaye Kongowea alfajiri huyaona malori yakishusha kabeji zitokazo milima ya Taita. Si mbali na soko hilo zimo nyumba za Nyali zenye nyua pana za nyasi na maua, na wenyewe hununua hata kitita cha dania. Waama, jambo hili lafaa kutazamwa.

Sababu isemwayo ni joto. Ni kweli, ila si mwaka mzima. Mwezi wa Machi, kaskazi ikimalizika, mchana hufika nyuzi 32 na zaidi. Saladi haioti, na ikiota hupanda bua ikawa chungu. Bali Juni hadi Agosti, kusi ikivuma, mchana huwa nyuzi 28 hivi na usiku hushuka hadi 21. Hiki ndicho kipupwe chetu, na mlango wake ni mwembamba: akawiaye hungoja mwakani.

La pili ni ardhi. Chini ya Nyali ni matumbawe, na udongo una chokaa nyingi. Wenzetu wa bara humwaga jivu bustanini. Hapa jivu ni kuongeza chokaa juu ya chokaa, na majani hugeuka manjano. Dawa yake ni samadi ya mbuzi iliyooza vyema, kisha makumbi ya nazi yatandazwe juu ya tuta yahifadhi unyevu.

La tatu ni maji. Visima vingi vya karibu na bahari vina munyu. Yaonje kwanza: yakiwa na chumvi kidogo, panda spinachi, ambayo huvumilia, karoti na vitunguu havistahimili. Afadhali kukinga maji ya masika mapipani yawe akiba.

Mbegu ya dania ipasuliwe mbili, ipandwe pale pale itakapokulia. Saladi ipandwe jioni, ifukiwe juu juu tu, chini ya kivuli cha makuti. Figili huwa tayari kwa mwezi mmoja. Watoto na waanze nayo, kwani mtoto hana subira.

Asiye na ua ana ndoo iliyotoboka na sufuria kuukuu. Na dini imetufunza kwamba apandaye, akila humo mtu au ndege, huandikiwa sadaka.

Kabeji, ndugu msomaji, na iendelee kutoka Taita. Lakini dania ya mchuzi na figili ya kachumbari, hizo zipo hatua tatu kutoka jikoni, maadamu kipupwe kingalipo.