Dereva wa Benaco na usingizi wa mang'amung'amu

Wadau, barabara ya Nyakanazi, Lusahunga, Benaco hadi Rusumo mnaijua. Miaka ya 2000 tuliogopa majambazi, mabasi ya Biharamulo na Ngara yakapita porini yakisindikizwa na polisi wenye bunduki. Siku hizi mimi namwogopa zaidi dereva aliyechoka.

Muulize yeyote anayepeleka mzigo Kigali au Bujumbura, atakwambia "mbona nimelala!" Mchimbe kidogo. Kalala saa moja kwenye lori, la jirani linanguruma, tingo akamwamsha foleni imesogea, akalala tena nusu saa, akaamshwa tena. Anajumlisha vipande, anaona zimetimia. Mwili hauhesabu hivyo.

Usingizi unakwenda kwa mizunguko, kila mmoja kama dakika 90. Kwanza mang'amung'amu, dakika chache tu. Ukimwita mtu hapo anakujibu "sijalala". Kisha usingizi mwepesi: joto la mwili linashuka, mapigo ya moyo yanapungua. Huu ndio unachukua karibu nusu ya usiku. Halafu usingizi mzito, hapo ndo mwili unajikarabati. Ukimwamsha mtu hapo anakuwa kama zuzu kwa dakika kadhaa (na zuzu huyo ndiye anawasha semi-trela, jamani). Mwisho usingizi wa ndoto, uliotangazwa Chicago mwaka 1953 na watafiti Aserinsky na Kleitman: macho yanacheza chini ya kope, ubongo uko kazini, misuli imefungwa. Akili ikiamka kabla misuli haijafunguliwa, ndilo jinamizi tunalosema linakaba watu.

Sasa, ule mzito huja zaidi mwanzoni mwa usiku, wa ndoto huongezeka kuelekea asubuhi. Anayeamshwa-amshwa kila mara huanzia tena kule kwepesi, mzito anaupata kwa kudokoa. Anayeondoka saa 9 usiku ameacha sehemu kubwa ya ndoto, na huo ndio unaosaidia kumbukumbu na kutuliza hasira. Kwa miaka mingi deni hilo linaongeza hatari ya presha na kisukari.

"Natafuna kahawa," wanasema. Kahawa yetu ya Kagera naipenda, lakini inaziba tu taarifa ya uchovu isifike kwenye ubongo. Uchovu wenyewe uko palepale. Utafiti wa Australia wa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anapungukiwa umakini kama aliyekunywa pombe. Na kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ukipitiwa na usingizi sekunde 4 tu, gari limekwenda karibu mita 90 bila dereva.

Tangu 2023 mabasi yanaruhusiwa tena kusafiri usiku kucha. Saa mbaya ni kuanzia 8 usiku hadi 11 alfajiri, ambapo hata aliyelala vizuri anasinzia. Ukiona dereva anapiga miayo na gari linakanyaga mstari, kupaza sauti abiria mnaruhusiwa. Aegeshe pembeni, alale dakika 20, azinduke kabisa ndipo ashike usukani. Mtachelewa kufika Ngara, basi.