Punda Anapokoroma Njiani: Maradhi ya Koo, Upasuaji na Wajibu Wetu Mpakani



Katika miinuko ya Kapchorwa na Bukwo, na katika tambarare za Karamoja, punda ndiye gari la asiye na gari. Hupeleka mahindi sokoni, huleta maji nyumbani, na mara nyingine huvuka mpaka wa Uganda na Kenya pamoja na mwenyewe. Wazee husema, "Punda afe, mzigo ufike." Lakini iko siku ambayo punda husimama njiani, shingo ameinyoosha, pua zimetanuka, na kila avutapo pumzi husikika mkoromo. Siku hiyo mzigo haufiki. Na endapo mwenye punda ataificha hali hiyo ili avuke haraka, hasara huweza kuingia katika mazizi ya wengine. Makala haya yanaeleza kinachotokea kooni, kile ambacho upasuaji unaweza kufanya, na wajibu wa kila mmoja wetu.

Punda na farasi ni wa ukoo mmoja, na wote hupumua kwa pua peke yake. Binadamu mwenye mafua hufungua mdomo akapata hewa. Wanyama hawa hawawezi, kwa kuwa kaakaa lao laini hutenga mdomo na njia ya hewa. Kwa hiyo chochote kinachoziba njia kati ya pua na mapafu ni tishio la uhai. Farasi mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 8 na 16 kwa dakika, na punda huzidi hapo kidogo. Mnyama anayekoroma akiwa amesimama tu, bila mzigo, yumo hatarini.

Sababu moja kubwa ni ugonjwa wa majipu ya koo, unaoletwa na bakteria aitwaye Streptococcus equi. Mnyama hupata homa, hukataa chakula, hutokwa na makamasi ya usaha, kisha tezi za chini ya taya na za nyuma ya koo huvimba hadi kubana njia ya hewa. Maambukizi hupita kwa pua kugusana, kwa ndoo moja ya maji, kwa hatamu, hata kwa mikono ya mchungaji. Zaidi ya hayo, wanyama hawa wana mifuko miwili ya hewa nyuma ya koo, na usaha huweza kujificha humo. Ndiyo maana punda anayeonekana amepona huweza kuambukiza wenzake kwa miezi mingi.

Sababu nyingine ni kupooza kwa zoloto, yaani lango la hewa lililo juu ya bomba la pumzi. Neva ya upande wa kushoto inayofungua lango hilo ni ndefu mno: hushuka hadi kifuani, huzunguka mshipa mkuu wa damu, kisha hurudi kooni. Ikiharibika, gegedu la upande huo hulegea na kuingia njiani, na mnyama hunguruma anapokimbia. Tatizo hili huwapata zaidi farasi warefu, wakiwamo wa mashindano. Kwa punda ni nadra. Hata hivyo, sindano ya dawa kali ikikosa mshipa wa shingo huweza kuijeruhi neva hiyo. Hiyo ni sababu tosha ya kutomruhusu mchoma sindano wa mnadani, asiye na ujuzi, kuigusa shingo ya mnyama wako.

Upasuaji wa kwanza ni wa dharura. Koo likikaribia kuziba kabisa, daktari wa mifugo hunyoa manyoya mbele ya shingo, hutia ganzi, hupasua ngozi katikati, hutenganisha misuli, kisha hufungua nafasi kati ya pete mbili za bomba la pumzi na kuingiza mrija. Mnyama hupumulia hapo huku majipu yakitibiwa. Mrija husafishwa kila siku zaidi ya mara moja. Uvimbe ukishuka huondolewa, na kidonda hujifunga chenyewe baada ya wiki chache. Kazi hii hufanyika mnyama akiwa amesimama, hata zizini. Lakini asijaribu mtu kwa kisu cha nyumbani: pembeni mwa bomba hilo kuna mishipa mikubwa ya damu.

Upasuaji wa pili ni wa zoloto lililopooza. Daktari huchungulia kwanza kwa kamera ndogo iliyo katika mrija unaopitishwa puani. Kisha huweza kulivuta gegedu lililolegea kwa uzi imara ili lango libaki wazi, au kuondoa kijifuko kilicho kando ya uzi wa sauti. Njia hii ya pili ilienezwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Mwingereza Frederick Hobday, aliyekuja kuwa mkuu wa Chuo cha Kifalme cha Tiba ya Mifugo cha London mwaka 1927. Upasuaji huu una hatari zake: wapo farasi ambao baadaye hukohoa kwa kuwa chembe za chakula huingia katika njia ya hewa. Ni kazi ya wataalamu wenye vifaa. Kwa hiyo anza kwa ofisa wa mifugo wa wilaya yako; yeye ndiye atakayekuelekeza, ikihitajika, kwa wataalamu kama wale wa Chuo Kikuu cha Makerere.

Si kila shida ya pumzi ni ya kisu. Povu jingi puani pamoja na uvimbe juu ya macho ya farasi huweza kuwa tauni ya farasi ya Afrika, inayoenezwa na visubi. Chakula na mate yakitoka puani, huenda umio ndio umeziba. Kutofautisha ni kazi ya daktari.

Sasa kuhusu mpaka. Askari wa kizuizini anapoomba kibali cha kusafirishia mnyama, analinda mifugo ya pande zote mbili. Anayepita njia ya panya na punda mwenye usaha puani, kisha akamnywesha katika hori la kijiji cha jirani, huenda akaacha ugonjwa utakaozaa ugomvi kati ya jamii zilizozoea kuaminiana. Tena, kumbebesha mzigo mnyama asiyeweza kupumua ni ukatili, na sheria ya Uganda inaukataza.

Basi usikiapo mkoromo, tenda haya: mshushe mzigo na sogi, legeza kamba yoyote ya shingoni, na umpumzishe kivulini. Mtenge na wenzake, mpe ndoo yake peke yake, na unawe mikono kabla ya kumgusa mwingine. Mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, na umjulishe mwenyekiti wa kijiji ili majirani wachunguze mifugo yao. Kama dalili zimeanza ukiwa njiani, mweleze askari aliye karibu bila woga. Kutoa taarifa ya mnyama mgonjwa si kosa. Usimvushe mpaka hadi daktari atakapothibitisha kwamba amepona.