Rangi ya Heroe na Macho ya Mtoto

Je, umewahi kuwaona heroe wa Ziwa Natron, mkoani Arusha? Ni ndege wenye miguu mirefu na manyoya mekundu ya kupendeza. Lakini kifaranga cha heroe hutoka kwenye yai kikiwa cha kijivu. Basi, wekundu ule unatoka wapi?

Unatoka kwenye chakula. Katika maji ya magadi kuna vimea vidogo sana. Kimoja peke yake hukioni kwa macho. Vikiwa vingi, maji huwa ya kijani. Aina moja huitwa spirulina. Heroe huinamisha kichwa, huchuja maji kwa mdomo, akavila.

Utashangaa: chakula ni cha kijani, ndege ni mwekundu! Sababu ni hii. Ndani ya kimea imo pia rangi ya manjano iitwayo karotini, ila kijani kimeifunika. Mwili wa heroe huichukua, huigeuza, na kuipeleka kwenye manyoya. Heroe wa kufugwa akikosa chakula chenye rangi hiyo, manyoya yake hupauka.

Na sisi je? Mwili wa binadamu huigeuza karotini kuwa vitamini A. Mtoto akiikosa, kwanza haoni vizuri giza likiingia. Anajikwaa wakati wenzake wanakimbia. Akiachwa hivyo, anaweza kupofuka kabisa.

Huko Ziwa Chad, akina mama wa kabila la Wakanembu huteka utando wa spirulina, huukausha mchangani, kisha huupikia mchuzi. Lakini sisi tusiteke utando wa kila dimbwi! Vipo vimea vya majini vyenye sumu, na kwa macho huwezi kuvitambua.

Tena hatuna haja, maana karotini tunayo shambani. Matembele, mchicha na kisamvu ni kijani kwa nje, lakini karotini imo ndani, kama kwenye kile kimea cha ziwani. Imo pia katika papai bivu, embe, boga, na viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Mboga itie mafuta kidogo, ndipo karotini huingia mwilini vizuri.

Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 mpeleke kliniki apate matone ya vitamini A. Na ukiona anajikwaa jioni, usiseme amerogwa. Mpeleke zahanati mapema, macho yake yangali yanaponyeka.