Mjane na Mnada wa Yai: Malimwengu na Wahitaji katika Sharika Zetu

Kila mchungaji aliyepata kuongoza ibada ya mavuno katika sharika zetu anaujua mnada unaofuata baada ya baraka. Waumini hutoka nje, huizunguka meza, na sadaka zisizo fedha hunadiwa: kuku, mkungu wa ndizi, debe la mahindi, muwa. Tulikuwapo katika usharika mmoja, ambao hatuna sababu ya kuutaja, siku liliponadiwa yai moja. Lilikuwa limeletwa na mama mzee, mjane, likiwa limefungwa katika kitambaa. Mfanyabiashara mmoja alilinunua kwa bei ya kuku mzima, akalirudisha mezani linadiwe tena. Wa pili akapandisha bei, naye akalirudisha. Vigelegele vikazidi kila mara. Mwishoni yalisomwa majina ya wanunuzi wote pamoja na kiasi ambacho kila mmoja alitoa. Jina la mama yule halikusomwa. Alikuwa ameshashika njia ya kwake kabla mnada haujakwisha. Nasi, kwa kuwa tulikuwa tumekwenda kukagua hesabu, tulipokifungua kitabu cha fedha siku ya pili hatukuona shilingi hata moja iliyokwenda kwa mjane yeyote mwaka ule.

Katika makala hii hatukusudii kuulaumu mnada. Mnada una heri yake, kwa maana humwezesha asiye na fedha kuja mbele za Bwana na kitu mkononi. Wala hatuwalaumu wajenzi. Misaada iliyotoka ng'ambo ilipopungua, makanisa yetu yalilazimika kujitegemea, na harambee ni mtoto halali wa lazima hiyo. Tunalotaka kulieleza ni jambo jingine: jinsi mhitaji alivyoondolewa katika hesabu ya wapewao, akawekwa katika hesabu ya mifano ya utoaji. Kwa maoni yetu, humo ndimo malimwengu yalimopenya kanisani kwa utulivu zaidi kuliko katika mavazi na ngoma za vijana, ambavyo wahubiri wetu hupenda mno kuvikemea.

Tazama jinsi tunavyolitumia somo la Marko 12:41-44. Ni nadra harambee kupita bila mjane yule na senti zake mbili kuitwa madhabahuni, ili mwenye ng'ombe kumi aone haya. Lakini mwanafunzi wa Agano Jipya hana budi kusoma yaliyo kabla na baada. Katika mstari wa 40 Bwana amekwisha kuwashutumu waandishi wanaokula nyumba za wajane. Mara baada ya habari ya senti mbili, katika 13:1-2, mwanafunzi mmoja anastaajabia mawe na majengo ya hekalu, naye Bwana anamjibu kwamba halitasalia jiwe juu ya jiwe. Mjane amewekwa katikati ya walaji wa nyumba na uzuri wa jengo. Bwana anamsifu kwa kuwa ametoa yote aliyokuwa nayo, hilo hatulikani. Lakini mwinjilisti hakutuachia nafasi ya kuisahau hazina iliyoyapokea hayo yote, wala ya kuacha kuuliza mama yule alikula nini jioni ile. Torati ilikwisha kuagiza kwamba masazo ya shamba yawe ya mgeni, yatima na mjane (Kumb. 24:19-21). Mjane alikuwa na haki ya kupokea kabla hajawa na wajibu wa kutoa.

Sasa tuichukue kata ya Mpepai, wilayani Mbinga, tuone jambo hili linavyokwenda katika mwaka wa mkulima. Katika nchi ile wengi ni Wakatoliki, kwa kazi ya Wabenediktini walioanza Peramiho mwaka 1898; Waanglikana wana mizizi yao ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kule Liuli; nasi Walutheri tu wachache. Kwa hiyo tunayosema si ya dhehebu moja. Peramiho, Litembo na Liuli, wamisionari walijenga hospitali karibu na kanisa, na mhitaji alikuwa na mlango wake.

Fedha ya Mbinga ni kahawa. Mibuni huchumwa kuanzia katikati ya mwaka, na mahindi huvunwa karibu na wakati huo huo. Basi mikutano ya harambee nayo hupangwa miezi ile ile, na ndivyo ilivyo busara: mtu huombwa akiwa nacho. Lakini njaa ina kalenda yake. Huja Januari, Februari na Machi, mvua ikinyesha, ghala zikiwa tupu na mahindi mapya hayajakomaa. Wakati huo fedha ya msimu imekwisha kuwa saruji na mabati. Mjane anapobisha hodi kwa mchungaji mwezi wa Februari anapewa sala na, mchungaji akiwa mwema, kitu kidogo kutoka mfukoni mwake mwenyewe. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ni utaratibu tu ulioandikwa na watu wenye akiba, ambao hawakumbuki Februari.

Wamatengo walikuwa na desturi iliyoikumbuka. Iliitwa sengu. Watu wa ukoo walikusanyika kula pamoja nyumbani kwa mzee, kila mke akileta alichopika jikoni kwake, na hapo hapo watoto walifundishwa na magomvi yaliamuliwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, waliofanya kazi katika milima ya Umatengo tangu miaka ya 1990, wameieleza vizuri. Kwa shabaha yetu jambo moja linatosha: palipo na chungu kimoja, yatima na mzee asiye na mpishi walikula bila kuomba, na hakuna aliyetangaza chakula kimetoka jiko lipi. Desturi hii ilidhoofika ardhi ilipokuwa finyu, familia zikahama kutafuta mashamba, na kila nyumba ikaanza kula peke yake.

Asomaye 1 Wakorintho 11:20-22 atauona ugonjwa ule ule. Kila mtu alitangulia kula chakula chake, huyu akiwa na njaa na huyu amelewa, na Paulo akakataa kuiita karamu hiyo chakula cha Bwana. Tunawafundisha wanafunzi wetu kwa bidii habari ya uwepo wa kweli wa Kristo katika mkate na divai, na tunafanya vema. Lakini Paulo alipoandika juu ya kula isivyostahili, kosa lililokuwa mbele yake lilikuwa hili la kuwatahayarisha wasio na kitu.

Tena mjane wa nchi ya kahawa hapungukiwi chakula tu. Mume akifa, mara nyingi ndugu zake huidai mibuni kwa jina la mila. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi, lakini mama asiyejua kusoma ataijuaje, na nani atasimama naye mbele ya baraza? Serikali, kwa njia ya TASAF, imekuwa na orodha ya kaya maskini iliyopitishwa katika mikutano ya vijiji. Je, baraza la wazee wa kanisa lina orodha yake? Yale mengi tuliyopata kuyapitia yalikuwa na orodha moja tu, ya wadaiwa wa ahadi za jengo.

Katika ukoo wetu wa imani lipo jaribio moja lisilosomwa sana. Mwaka 1523 waumini wa mji wa Leisnig, Ujerumani, waliandika kanuni za sanduku la pamoja, na Luther akaziandikia dibaji. Sanduku lilikuwa na kufuli nne, na funguo zake zilishikwa na makundi manne: wakuu, baraza la mji, wenyeji wa mjini, na wakulima wa vijijini. Lilipaswa kumlipa mchungaji na mwalimu, kuwatunza wazee, yatima na maskini wa majumbani. Fungu la matengenezo ya majengo liliandikwa baada ya hayo, pamoja na akiba ya nafaka kwa ajili ya wakati wa uhaba. Jaribio halikufika mbali, kwa sababu baraza la mji lilikataa kuikabidhi mali, naye Luther alisikitika sana. Hatuwezi kusema Waluther wa kwanza walifaulu tulipoanguka sisi. Walau waliandika mpangilio wa mafungu ambao mkutano mkuu wa usharika wowote unaweza kuuandika mwezi huu.

Usharika wa mashambani hauhitaji kufuli nne. Mahindi ya sadaka ya mavuno huuzwa siku ile ile, bei ikiwa chini, na Februari mjane huyo huyo hununua debe kwa bei ya juu. Magunia matano yakiachwa katika chumba kikavu cha nyumba ya mwinjilisti, yakiwekwa dawa ya kuzuia dumuzi, yatawavusha wengi hadi mahindi mabichi. Ufunguo mmoja ashike mchungaji, wa pili mtunza hazina, na wa tatu mjane aliyechaguliwa na wajane wenzake.